Somo: Helmeringhausen hadi Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa, kwa gari, kusini mwa Namibia

Njia hii nimeipita mara mbili, na mara zote upepo ndio ulionipangia safari. Ondoka mapema. Asubuhi jangwa la Namib hutulia. Mchana upepo wa baharini huamka na mchanga.

1. Beba madumu ya maji na spea mbili. Barabara ya C13 hadi kijiji cha Aus ni changarawe, kama kilomita 110. Punguza upepo wa tairi. Mimi hushusha kutoka psi 32 hadi 26. Usizidi kilomita 80 kwa saa. Gari likiteleza, usikanyage breki: achia mafuta, tuliza usukani, litajinyoosha.

2. Aus, rudisha upepo na ujaze tangi. Mbele ni lami ya B4 hadi Lüderitz, kilomita 125 hivi, bila kituo cha mafuta. Pale Garub simama uwaone farasi wa porini wakinywa maji.

3. Hapa pana hatari kuliko changarawe yote. Ukikaribia pwani, mchanga huvuka lami, na kwa mbali unaudhania kivuli cha wingu. Niliuingia nikiwa na mwendo wa 100, usukani ukavutwa kushoto na nusura niache barabara. Ukiuona, shuka hadi 40 kabla hujaufikia. Reli nayo hufukiwa vivyo hivyo. Mwaka 1908 kibarua Zacharias Lewala alikuwa akifukua mchanga relini alipookota almasi, akampelekea msimamizi wake, August Stauch. Ukifika, mtaje Lewala. Mji wa Kolmanskop ulianzia mkononi mwake.

4. Kolmanskop iko kilomita 10 hivi kabla ya Lüderitz. Wakazi wa mwisho waliondoka 1956. Kata kibali, kisha ingia nyumba hadi nyumba. Kuna mlango uliozikwa hadi kwenye kitasa, haufunguki wala haufungiki, na juu yake rangi ya buluu ingali ukutani. Angalia unapokanyaga, mbao zimeoza.

Maswali ya wanachama

Mkuu, gari dogo linafika?
Linafika, ila pitia mji wa Keetmanshoop, lami mwanzo mwisho.

Kaka, naweza kwenda Pomona, ule mji mwingine wa almasi uliohamwa, mwenyewe?
Hapana, dada. Ni ndani ya Sperrgebiet, eneo lililofungwa tangu 1908, ambalo sasa ni hifadhi ya taifa. Unaingia na mwongozaji mwenye kibali, na nakala ya pasipoti unaituma siku kadhaa kabla.

Usiku je?
Usithubutu. Choroa na farasi hukatiza barabarani.

Nikiona kijiwe kinametameta?
Kiache hapohapo. Kukutwa na almasi ghafi bila leseni ni kosa la jinai.