Ukitaka kuacha tiba, rudi mara moja zaidi
Kwa mtu mzima aliyezoea kujitenga pindi ukaribu unapozidi, hatari ya kuacha tiba ya mazungumzo haiko kikao cha kwanza tu. Inaweza kuja siku chache baada ya kikao alichofunguka: ghafla "niko sawa", au kazi ya shamba la korosho kule Newala inakuwa sababu ya kutorudi. Kubalianeni mapema na mshauri: hakuna kuaga kwa meseji, unarudi mara moja na kuitaja hiyo hamu ya kukimbia. Ukiulizwa unajisikiaje na jibu ni "kawaida" tu, anza na mwili: kifua kimebana? Taya zimekaza? Dakika 2 zinatosha, msilazimishe machozi. Nyumbani, ukitaka kuondoka katikati ya mazungumzo, mwambie mwenzio, "Nipe nusu saa, ikifika saa mbili usiku nitarudi." Na urudi kweli, hata kama bado huna la kusema.