Kipindi cha nyota kikiisha, zima TV mkae gizani kwanza
Kama unamwanzishia mtoto au mshkaji mambo ya nyota kupitia TV, mfano The Sky at Night ya BBC iliyoanza 1957, msikimbilie nje hapo hapo. Zimeni TV na simu mkae gizani kama dakika 20, macho yaliyotoka kwenye skrini hayaoni nyota hafifu kabisa. Halafu tafuteni kitu kimoja tu mlichoonyeshwa, mi napenda sayari ya Mshtarii (Jupiter), egemeza viwiko ukutani na darubini ndogo ya mkononi utaona vinukta vitatu au vinne vimejipanga pembeni, hiyo ni miezi yake, raha sana! Mwezi mpevu au taa ya jirani ikiwaka haisaidii, na kipindi ni cha Uingereza so kinaonyesha anga la huko kaskazini, Nyota ya Kaskazini ukiwa Dar huioni.