Namna ya kuchapa mchoro wenye sehemu za uwazi bila kupoteza kilicho chini yake

Mwanafunzi mmoja alinijia hapa Mwanjelwa na ramani ya bonde la Usangu aliyoichora kwa Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, mashamba ya mpunga yakiwa yamepakwa kijani chenye uwazi na Mto Mbarali ukionekana chini yake. Kwenye kompyuta ilipendeza, lakini karatasini kijani kilitoka kizito na mto ukatoweka. Printa haikuwa mbovu. Lugha ya PostScript, ambayo printa nyingi za ofisini huitumia kuelezwa cha kuchapa, haijui uwazi. Kwa hiyo, kabla ya kuchapa, programu hulazimika kukatakata sehemu zinazopandana na kuzigeuza kuwa rangi za kawaida au picha ya nukta, na hapo ndipo kazi huharibika.

Hatua ya 1. Hifadhi mchoro kwa PDF toleo la 1.4 au la juu yake, na EPS, faili la mtindo wa PostScript, uiache kabisa. Mchapaji akidai PDF/X, yaani PDF ya kanuni za uchapaji, mwombe apokee PDF/X-4, kwa sababu PDF/X-1a hairuhusu uwazi.

Hatua ya 2. Ukungu na vivuli hugeuzwa kuwa picha wakati wa kuhifadhi. Inkscape kwa kawaida hutumia nukta 96 kwa inchi, ambazo karatasini huonekana kama matofali; badala yake andika 300.

Hatua ya 3. Hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, ingawa inachosha: ondoa uwazi kwa mkono wako. Kijani cha 0, 128, 0 (namba za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255) chenye nguvu ya asilimia 40 juu ya karatasi nyeupe ni sawa na 153, 204, 153 isiyo na uwazi wowote, kwa kuwa unachukua asilimia 40 ya kila namba ya kijani na kuongeza asilimia 60 ya 255, ambayo ni namba ya nyeupe. Paka mashamba rangi hiyo, kisha uinue mto juu yake. Bluu ya 0, 0, 255 iliyokuwa chini ya kijani hicho sasa iandikwe 0, 51, 153, kwa hesabu ileile, ila asilimia 60 ni ya namba za bluu badala ya nyeupe. Usisahau visanduku vya ufunguo wa ramani, ambavyo wengi huviacha na rangi ya zamani.

Hatua ya 4. Chapa kwanza kipande kidogo, kwa ukubwa wa asilimia 100. Ukiona vistari vyeupe kwenye mipaka ya rangi, kuza ukurasa kwenye kompyuta: visiponenepa, ni vya kioo tu na havitachapwa.

Ikishindikana kabisa, chagua kuchapa kama picha katika Acrobat Reader, ukijua kwamba majina madogo ya vijiji yatapoteza ukali wake.