Somo: Simu na redio katika kumsaidia mzee mwenye dimenshia abaki kuwa yeye

Dimenshia (hali ya ubongo kudhoofika hadi mtu kupoteza kumbukumbu na uelewa), hasa ile inayotokana na ugonjwa wa Alzheimer, kwa kawaida hufuta mambo ya karibuni kabla ya yale ya zamani, ndiyo maana mzee aliyesahau kwamba amekunywa chai asubuhi anaweza kueleza vizuri jinsi alivyofundishwa kushona na baba yake. Mwaka 1997 mwanasaikolojia wa Uingereza, Tom Kitwood, aliandika kwamba utu wa mgonjwa haukai kichwani mwake peke yake, bali hudumishwa au hubomolewa na jinsi watu wanavyomtendea. Somo hili limejengwa juu ya hoja hiyo: vifaa vitusaidie sisi kumjua mzee, visitumike kumpima anakumbuka nini.

Hatua ya kwanza ni ridhaa ya mzee kurekodiwa. Mwombe mapema, angali anaelewa, na umwulize nani aruhusiwe kusikiliza.

Hatua ya pili ni kumrekodi, na hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Weka simu mezani, fungua kinasa sauti, kisha uiache. Chagua asubuhi, kwa kuwa wagonjwa wengi huchanganyikiwa zaidi jioni. Usimwulize "Unakumbuka?", maana swali hilo ni mtihani, na akishindwa ataona aibu mbele ya mwanawe. Mwombe akufundishe: aliyekuwa mvuvi aeleze dalili za kaskazi kuingia, aliyekuwa mkunga aeleze alivyomtuliza mzazi wa mara ya kwanza. Akihamia Kisambaa au Kichaga, mwache aendelee, kwa sababu ugonjwa unapozidi wengi huegemea lugha ya utotoni, na siku hiyo mtahitaji kujua maneno yake. Dakika chache kila mara zinatosha.

Hatua ya tatu ni picha. Zipige upya kwa simu karibu na dirisha, bila kuwasha taa ya kamera, na jina la kila faili litaje mwaka, mahali na watu. Zile anazoonekana akiwa kazini zichapishwe kwa ukubwa, maana picha ya ukutani haihitaji chaji wala nywila.

Hatua ya nne ni muziki. Nyimbo zinazokaa zaidi moyoni ni zile za kati ya umri wa miaka 10 na 30, kwa hiyo aliyezaliwa 1945 tafutiwe za 1955 hadi 1975: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, taarabu ya Black Star ya Tanga, pamoja na kaswida au tenzi za ibada yake. Ziweke kwenye redio ndogo ya flashi kuliko kwenye simu, kwa kuwa kitufe anakijua tangu zamani na kioo cha kugusa hakijui. Bandika utepe mwekundu kwenye kitufe cha kuwashia.

Mwisho, tengeneza rekodi fupi ya kumsikilizisha kila mhudumu mpya: anapenda kuitwa nani, amefanya kazi gani, nini humkera. Mwalimu mstaafu aliyeamkiwa kwa heshima miaka yote hapaswi kuitwa "bibi wa kitanda cha tatu".

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tanga): Baba hulia akisikia baadhi ya nyimbo. Niziondoe?

Jibu: Mwangalie usoni na mikononi. Akilia huku akiimba au akikushika mkono, kaa naye mpaka wimbo uishe. Akihangaika au akitaka kutoka, zima, na wimbo huo usirudi kwenye flashi.

Swali (Moshi): Shikamoo mwalimu. Bibi akiona picha ya babu humtafuta, na babu alishafariki. Je, tumwekee sauti ya babu?

Jibu: Marahaba. Sauti hiyo msimwekee, kwa maana inaweza kumthibitishia kwamba yuko chumba cha pili. Msirudie kumpasha habari ya kifo pia, kwa sababu kila mara anaweza kuipokea kama msiba mpya. Mwambieni, "Tusimulie habari zake," naye aongee.

Swali (Muscat): Nikimpigia mama kwa video, hudhani mimi ni mtu wa kwenye televisheni.

Jibu: Awepo mtu pembeni yake wa kukutambulisha. Wewe anza kwa jina lako na uhusiano wenu: "Mama, ni mimi mwanao, niko Muscat." Ikishindikana, piga simu ya sauti tu, wengine huitambua sauti upesi kuliko sura.

Swali (Morogoro): Ndugu wamesambaza kwenye kundi la familia video ya mama akiwa amechanganyikiwa, wanasema ni kumbukumbu.

Jibu: Waombeni waifute leo. Mama hakuridhia kuonekana hivyo, na wajukuu watakaomjua kwa video hiyo pekee watakuwa wamenyimwa mtu halisi. Kama daktari anahitaji kuona hali yake, video abaki nayo mmoja anayempeleka hospitali, na kwenye kundi wekeni sauti yake akieleza kazi aliyokuwa akiifanya.