Besiboli na vyuo vigumu kuingia Marekani: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa wazazi

Mwanangu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Tangu apate nafasi yake chuoni, nimeketi na familia kadhaa za Waswahili tunaoishi huku Marekani ambazo watoto wao wanacheza vizuri na wanasoma vizuri. Wote ninawaambia jambo hili mwanzo: kocha hadahili mwanafunzi. Kocha anaomba, ofisi ya udahili ndiyo inayoamua.

Hatua ya 1: Anza na matokeo ya darasani. Wazazi wengi hukimbilia video. Kocha wa chuo cha aina hii hutazama alama kwanza, maana asipoweza kumpitisha mtoto udahili, mkono wake mzuri haumsaidii kitu. Vyuo 8 vya Ivy League, kundi la vyuo vikongwe kama Harvard na Yale, hupima wanamichezo wanaosajiliwa kwa Academic Index, kipimo kinachounganisha alama za shule (GPA) na za mtihani. SAT au ACT, mitihani ya kuombea chuo, nayo imerudi: MIT waliirudisha 2022, kisha Dartmouth, Yale, Brown na Harvard wakafuata 2024. Mtoto aufanye mtihani mapema darasa la 11, abaki na muda wa kurudia.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya ada kabla hujampenda kocha. Ivy League haitoi ufadhili wa michezo. Vyuo vya Divisheni ya Tatu, ngazi ya tatu ya michezo ya vyuo, kama Johns Hopkins, Amherst, Williams na MIT navyo havitoi. Stanford, Duke na Vanderbilt vinaweza kutoa. Usikate tamaa hapo, kwa sababu vyuo hivi hutoa msaada kulingana na kipato cha familia. Kila tovuti ya chuo ina kikokotoo cha gharama, sheria inawalazimu. Kaa nacho jioni moja ukiwa na karatasi zako za kodi. Nimeona familia ya dereva wa lori ikikuta chuo ghali kabisa kingewagharimu kidogo kuliko kile kilichowaahidi nusu ya ada kwa sababu ya besiboli.

Hatua ya 3: Mtoto aandike baruapepe mwenyewe. Wewe soma tu, usiiandike. Iwe fupi, mfano huu:

"Kocha, mimi ni mdakaji, ninahitimu 2027. GPA 3.9, SAT 1480. Kutoka glavu yangu hadi besi ya pili, sekunde 2.05. Nataka kusoma uhandisi wa ujenzi. Jumamosi nacheza saa nne asubuhi, uwanja namba 3. Nimeambatanisha video na matokeo."

Kocha wa Divisheni ya Kwanza, ile ngazi ya juu, haruhusiwi kuzungumza na mchezaji habari za usajili kabla ya Agosti 1 inayotangulia darasa la 11, basi kimya cha kabla ya hapo kisikuumize. Wa Divisheni ya Tatu anaweza kujibu wakati wowote.

Hatua ya 4: Chagua kambi chache za besiboli, zile ambako makocha huwatazama watoto wakicheza. Ni ghali. Barua nyingi za mwaliko hutumwa kwa mamia ya watoto. Nenda pale ambapo kocha amemwandikia mtoto akitaja kitu alichokiona kwenye video yake, au kwenye kambi kama za Headfirst Honor Roll, ambako makocha wengi wa vyuo vya aina hii hukutana uwanja mmoja.

Hatua ya 5: Usomaji wa awali. Hapa ndipo watu wanapoumia. Kiangazi cha baada ya darasa la 11, kuanzia Julai, kocha huweza kupeleka matokeo, alama za mtihani na orodha ya masomo ya darasa la 12 kwa ofisi ya udahili ili wampe ishara kama mtoto anaweza kukubaliwa. Kocha mmoja alimpigia mwanangu simu kila wiki, akimwambia "tunakupenda sana". Tukaamini. Septemba simu zikakoma, na ndipo tukagundua hakuwahi kulipeleka jina lake.

Kwa kocha wa pili tuliweka simu kwenye spika, mezani jikoni. Mwanangu alikuwa ameandika maswali nyuma ya daftari la hesabu, kidole chake kikifuata mstari: "Kocha, umeshapeleka faili langu udahili? Wamesemaje? Una wachezaji wangapi unaoweza kuwaombea mwaka huu, na mimi ni mmoja wao?" Kimya kidogo. Kisha: "Ndiyo, limesomwa, ni zuri. Wewe ni mmoja wao." Kocha mkweli hachukizwi na maswali haya. Akizungukazunguka, hilo ni jibu.

Hatua ya 6: Tuma maombi. Vyuo vingi hufunga maombi ya mapema Novemba 1. Kocha akisema atamwombea mtoto, mara nyingi atamtaka aombe kwa Early Decision. Mpango huo unakufunga: akikubaliwa, anaondoa maombi mengine yote. Kwa hiyo omba makadirio ya msaada wa fedha kabla ya kutia sahihi. Ivy huweza kutoa likely letter, barua ya ofisi ya udahili inayoashiria kwamba mtoto atakubaliwa. MIT ni tofauti: kocha anaweza kumsemea mtoto, lakini hana nafasi mkononi.

Mpaka barua kutoka udahili, si kwa kocha, ifike nyumbani, alama za darasa la 12 zisishuke, na insha za vyuo vinavyofunga maombi Januari ziendelee kuandikwa.