Somo: Namna ya kuiomba maktaba ya chuo idhamini tukio lenu au ishirikiane nanyi

Kila muhula unapoanza, meza yangu hapa maktaba ya chuo, Moshi, hujaa barua zenye kichwa kimoja: "Yah: Ombi la udhamini." Zinatoka kwa klabu za wanafunzi, asasi za mjini, wahadhiri wanaoandaa kongamano, hata vikundi vya washairi. Mambo wanayotaka kufanya ni mazuri, na inaniuma kuona mengi yakikwama kwa sababu ambazo nusu saa ya mazungumzo ingeziondoa. Basi soma hapa jinsi ombi linavyopokelewa na kupimwa, ili la kwako lipite.

Hatua ya 1: Jua unaomba nini

Udhamini na ushirikiano ni maombi mawili tofauti. Ukiomba udhamini, maktaba inatoa kitu na tukio linabaki kuwa lako. Ukiomba ushirikiano, maktaba inakaa nanyi tangu siku ya kupanga mada, kazi mnagawana, na lawama pia mnagawana.

Fedha ndiyo kitu ambacho maktaba ya chuo inacho kidogo kuliko vyote. Bajeti inakwenda kwenye vitabu, usajili wa majarida ya kielektroniki na matengenezo. Lakini tuna ukumbi, projekta, intaneti, nyaraka za zamani za eneo hili, na wakutubi wanaojua kufundisha. Ndiyo maana karibu kila anayekuja namshauri aombe ushirikiano.

Tuseme vijana wanataka kuadhimisha historia ya ushirika wa kahawa Kilimanjaro, tangu KNPA, chama cha wakulima wa kahawa cha mwaka 1925, hadi KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoirithi mwaka 1933. Wakiomba shilingi laki tano za kukodi ukumbi mjini, uwezekano wa kukosa ni mkubwa. Wakija wakasema, "Tunao wazee ambao baba zao walipeleka kahawa kwenye chama, nanyi mna ripoti na magazeti ya wakati ule, tufanye maonyesho ya wiki moja na mjadala wa alasiri moja," hapo mkutubi mwenyewe ataanza kupekua makabati kabla hamjaondoka ofisini.

Hatua ya 2: Pima tukio kwa macho ya maktaba

Tunauliza: linahusu kusoma, utafiti, ufundishaji au utamaduni wa jamii yetu? Wanafunzi wetu wataingia bila kiingilio? Kampeni za siasa, mahubiri ya kuvuta waumini na uzinduzi wa bidhaa hatuchukui. Harambee nazo hatuzichangii, maana fedha iliyotengwa kwa ajili ya wasomaji hatuwezi kuihamishia kwenye mfuko mwingine, hata uwe wa kheri kiasi gani.

Hatua ya 3: Angalia kalenda

Mwaka wa fedha wa vyuo vya umma unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Ombi la fedha linaloletwa Mei linakuta kapu limekaushwa. Kwa ukumbi tu, mwezi mmoja unatosha. Kwa ushirikiano au fedha, tupeni muhula mzima.

Wiki za mitihani msiziguse, kila kiti kina msomaji. Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, tarehe 23 Aprili, ni nzuri sana. Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, nayo ni nzuri, ila wanafunzi wengi huwa kwenye mitihani au wamekwenda fildi, kwa hiyo iteni shule na watu wa mjini. Na kama wageni wenu wanatoka mbali, epukeni wikiendi ya Kilimanjaro Marathon, kwa kawaida mwishoni mwa Februari: barabara zinafungwa na nyumba za wageni zinajaa.

Hatua ya 4: Andika barua inayosema kitu

Ielekeze kwa Mkurugenzi wa Maktaba. Klabu za wanafunzi wapitishe kwa mlezi wao. Sentensi inayoua barua nyingi ni hii: "Tunaomba udhamini wa aina yoyote ile." Anayesoma hajui akupe nini, kwa hiyo anaiweka pembeni. Linganisha na hii:

"Tunaomba ukumbi mdogo siku ya Jumatano, saa 8 hadi saa 10 alasiri, viti 60, projekta moja, na mkutubi mmoja atakayefundisha kutafuta makala kwa dakika 20. Chai tumeshaipata kwa mfadhili mwingine."

Ambatisha bajeti, na taja wafadhili wote mlioomba, waliokubali na ambao hawajajibu.

Hatua ya 5: Fuatilia

Barua inapokelewa masijala, inagongwa mhuri na kupewa kumbukumbu namba. Iandike namba hiyo. Kisha linaandikwa dokezo, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, kamati ndogo inakaa, na jibu linatoka kwa maandishi. Mara nyingi tunakubali sehemu: ukumbi ndiyo, fedha hapana.

Hatua ya 6: Msichapishe bango mapema

Nembo ya chuo haiwekwi popote kabla ya idhini. Baada ya tukio, leteni ripoti ya ukurasa mmoja. Kamati huiangalia mnapoomba tena.

Maswali mliyoniuliza

Shikamoo mama. Klabu yetu ya uandishi bado haijasajiliwa. Tunaweza kuomba?

Marahaba mwanangu. Tafuteni mhadhiri akubali kuwa mlezi na asaini barua. Tunachohitaji ni mtu mzima wa chuo atakayewajibika kwa ukumbi na vifaa. Usajili endeleeni nao huku mkisubiri.

Dada, kampuni moja iko tayari kulipia kila kitu, ila inataka orodha ya waliohudhuria na namba zao za simu.

Hapana. Watu wameandika namba zao ili wahudhurie, hawakuziandika ili wauziwe bidhaa, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wapeni idadi. Anayetaka kutafutwa na kampuni ajaze karatasi yao mwenyewe, kwa hiari yake.

Tunataka kuonyesha filamu. Tumeshainunua, inatosha?

Haitoshi. Kununua nakala kunakupa haki ya kuitazama nyumbani. Kuionyesha hadharani kunahitaji ruhusa ya mwenye haki, kwa maandishi. Anzeni kwake, na mkihitaji mwongozo nendeni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA. Bila barua hiyo ukumbi hatutoi.

Niko Njiro, Arusha. Fedha zikikubaliwa napewa mkononi? Na posho za wazungumzaji je?

Kaka, kwenye vyuo vya umma usitegemee taslimu. Chuo kinamlipa mtoa huduma moja kwa moja kwa ankara yake, na mfadhili anayekichangia chuo analipa kwa kontrol namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali. Posho sisi hatulipi. Mzungumzaji wa mbali mtafutieni nauli kwingine, na mwambieni mapema.

Tumekataliwa muhula uliopita. Tulete barua ileile?

Msiilete. Njooni kwanza na jibu tulilowapa, tukae tuangalie kilichokosekana. Kama ilikuwa tarehe, tunabadilisha tarehe. Kama ilikuwa fedha, tunaigeuza iwe ombi la ukumbi na mkutubi. Alhamisi asubuhi kuna nafasi ya kukaa na watu. Njooni wawili, mmoja awe mweka hazina.