Somo: Jinsi ya kuhakikisha nakala rudufu zako zinarejesha mfumo kweli

Naandika somo hili kwa sababu tangu mwaka uanze nimeulizwa swali lile lile kuanzia Majengo hadi Kiboriloni: mtu atajuaje kama nakala anazohifadhi kila usiku zitamfaa seva ikifa? Atajua siku atakapozirejesha, na ni heri siku hiyo aichague mwenyewe. Mimi natunza mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Moshi, unaotumia kanzidata ya PostgreSQL juu ya Linux, kwa hiyo amri nitakazozitaja ni za huko.

Hatua ya 1. Tafuta kompyuta nyingine, isiyo seva ya kazi.

Hatua ya 2. Weka toleo lile lile la PostgreSQL.

Hatua ya 3. Andika daftarini saa uliyoanza.

Hatua ya 4. Kagua nakala kabla ya kuirejesha. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba usipite haraka. Kazi yangu ya usiku ilikuwa mstari mmoja: pg_dump inatoa data, gzip inaibana na kuiandika kwenye faili. Kila asubuhi nilifungua folda, nikaona faili jipya lenye tarehe sahihi, nikaridhika. Masika moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu usiku mmoja, diski ya seva haikuwaka tena, nami nikaziendea nakala bila wasiwasi wowote. Faili la jana yake lilikuwa na baiti 20. La juzi yake, baiti 20. Nikarudi nyuma wiki sita na yote yalikuwa hivyo, kwa maana huo ndio ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani. Tulikuwa tumebadilisha nenosiri la kanzidata, nami sikulibadilisha kwenye skripti. Pg_dump ikawa inakataliwa kila usiku, lakini amri mbili zikiunganishwa namna ile, mfumo huripoti matokeo ya amri ya mwisho tu, na gzip yenyewe haikuwa na kosa. Makarani waliingiza upya miamala ya wiki sita kutoka kwenye stakabadhi za karatasi. Kwa hiyo andika set -o pipefail mwanzoni mwa skripti yako ya bash ili kosa la amri yoyote kati ya hizo liripotiwe, linganisha ukubwa wa faili la leo na la jana, kisha lifungue kwa zcat usome mistari ya mwisho: nakala ya maandishi iliyokamilika huwa na maneno "PostgreSQL database dump complete". Usipoyaona, simama hapo hapo.

Hatua ya 5. Rejesha kwa psql, programu ya kutuma amri kwa PostgreSQL, ukiweka ON_ERROR_STOP=1, kwa kuwa bila hiyo psql ikikutana na kosa huliandika kwenye skrini na kuendelea.

Hatua ya 6. Linganisha idadi ya wanachama, jumla ya akiba na muamala wa mwisho. Kisha mwite karani, si fundi, afungue akaunti anayoifahamu na kuchapisha taarifa yake.

Hatua ya 7. Andika saa uliyomaliza. Mara ya mwisho nilitumia saa tatu na dakika kumi, wakati meneja alikuwa akiamini ni nusu saa.

Hatua ya 8. Kwenye kompyuta hiyo ya majaribio tu, ingiza miamala mfululizo na uchomoe waya wa umeme. PostgreSQL huandika kumbukumbu ya mabadiliko kabla ya kuyathibitisha, na ikiwashwa huisoma upya; kila muamala uliothibitishwa lazima uwepo, ilimradi hukuzima fsync, mpangilio unaohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski.

MASWALI

Himo: Naweza kurejesha kwenye seva inayofanya kazi ili kuokoa muda?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 1.

Himo: Nyinyi mna bajeti, sisi hatuna kompyuta ya pili.
Jibu: Ndugu yangu, sina bajeti. Natumia kompyuta kuukuu iliyoondolewa kaunta, nimeiongezea diski tu.

Machame: Shikamoo mwalimu. Nina seva mbili, ya pili hunakili ya kwanza papo hapo. Bado nahitaji haya?
Jibu: Marahaba, swali zuri sana. Unahitaji, kwa sababu data ikifutwa kwa amri kwenye seva ya kwanza, ufutaji huo nao hunakiliwa. Tarehe 31 Januari 2017 wahandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu za watu, walikuwa wakirekebisha seva ya pili iliyobaki nyuma, mmoja wao akafuta data za seva kuu akidhani yuko kwenye ile nyingine. Nakala za pg_dump hazikuwepo: pg_dump ilikuwa toleo la 9.2 na kanzidata 9.6, kwa hiyo ikashindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa zilikataliwa njiani. Waliokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa takriban saa sita kabla.

Marangu: Baada ya jaribio, kompyuta inaweza kurudi kaunta?
Jibu: Futa kwanza data zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui taarifa za wanachama zilizo kwenye seva na zile zilizosahaulika kwenye diski ya majaribio.

Njiro, Arusha: Naongezea. Sisi nakala zetu tunazifunga kwa nenosiri, na tulipojaribu tuligundua nenosiri lenyewe lilihifadhiwa kwenye seva ile ile.
Jibu: Asante sana, kaka. Sisi tumeliandika kwenye karatasi, tukalitia kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu ya mhasibu, na tunaifungua kila tunapofanya jaribio.